Intaneti ya nyumbani: asubuhi inakimbia, jioni inatambaa. Msaada wakuu

Kiroboto Mtulivu:

Wakuu heshima kwenu. Ngoja nielezee vizuri msije mkasema maelezo hayajitoshelezi. Nyumbani nina intaneti ya faiba, kifurushi ni Mbps 60 za kudaunlodi na 10 za kuaplodi, ruta ni ileile waliyokuja nayo mafundi siku ya kufunga, iko sebuleni nyuma ya TV. Tatizo ni kwamba spidi haina msimamo kabisa. Asubuhi nikipima napata 55, 58, safi. Jioni sasa, kuanzia saa moja hivi, unapima unapata 8, unasubiri kidogo unapima tena unakuta 40, ukirudia 12, yaani hata ukitaka kulalamika hujui ulalamike nini. Chumbani ndo usiseme, 3 ikijitahidi.

Kinachoniumiza zaidi ni vikao vya video. Vikao vyangu vya kazi vinaangukia jioni, naongea wenzangu wananiona nimeganda mdomo wazi, sauti inawafikia vipandevipande. Ajabu ni kwamba muda huohuo mtu kakaa sebuleni anaangalia muvi kwenye TV na wala haikati!

Nimeshazima na kuwasha ruta (inatulia kidogo halafu inarudi kulekule), nimebadili DNS, nimepiga simu huduma kwa wateja wakasema "kwa upande wetu laini yako iko vizuri". Mtoa huduma simtaji, sikuja kugombana na mtu. Ninachotaka kujua ninunue ruta mpya, nipandishe kifurushi, au nihame kabisa? Natanguliza shukrani.

Bwana Ngoja:

Naweka kambi hapa, na mimi yananihusu.

Zima Washa:

Chomoa ruta kwenye umeme, subiri dakika moja, rudisha. Ikishindikana fanya rizeti kabisa kile kitobo cha nyuma.

Kiroboto Mtulivu:

@Zima Washa mkuu umesoma nilichoandika au umeona kichwa cha habari tu? 😂

TekiBure:

Weka DNS 1.1.1.1 na 8.8.8.8, utaona maajabu.

Fundi wa Nyaya:

@TekiBure kashasema amebadili DNS. Na hata asingebadili, DNS kazi yake ni kutafuta anwani ya sava unapofungua ukurasa, ikishapatikana imemaliza, haina habari tena na faili unalodaunlodi. DNS mbovu utaijua kwa dalili yake: ukurasa unachelewa KUANZA kufunguka, ukishaanza unakimbia kawaida. Haiwezi kukutoa 58 ikakupeleka 8.

Mleta uzi, usinunue chochote kwanza. Ruta mpya, kifurushi kikubwa, kuhama, hizo zote ni dawa na wewe bado hujapima ugonjwa uko wapi. Intaneti yako ina vipande vitatu: kutoka kwenye kifaa mpaka kwenye ruta, kutoka kwenye ruta mpaka kwa mtoa huduma, na kutoka kwa mtoa huduma kwenda kwenye dunia huko. Ukipima spidi kwa simu ukiwa umelala chumbani unapima vyote vitatu kwa pamoja, halafu unapewa namba moja ambayo haisemi nani mkosaji.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua laptopu, chomeka kebo moja kwa moja kwenye ruta, zima waifai ya hiyo laptopu (watu wengi wanasahau hapa, wanachomeka kebo huku laptopu bado inapita kwenye waifai), funga programu zote, pima. Pima asubuhi na upime jioni muda ule inaposumbua. Kama kwa kebo jioni unapata 55 na zaidi, achana na mtoa huduma, tatizo lako ni waifai. Kama kwa kebo nako inayumba basi tunaenda hatua nyingine.

Ya pili, na hii naipenda kuliko vipimo vya spidi maana inaonyesha kitu kinachotokea sasa hivi: fungua dirisha la amri (Command Prompt) mara mbili. Tutatumia ping, inapima data inachukua milisekunde ngapi kwenda na kurudi. La kwanza andika ping 192.168.1.1 -t, la pili ping 8.8.8.8 -t. Ile namba ya kwanza ni anwani ya ruta yako, inaweza kuwa nyingine kama 192.168.0.1 au 192.168.100.1, andika ipconfig uangalie kwenye mstari wa Default Gateway. Kwenye Mac au Linux hiyo -t huihitaji. Ziache zote mbili zikimbie jioni wakati wa kikao, halafu uzitazame kwa pamoja. Ya ruta ikiruka ruka kutoka 3 kwenda 250 ni waifai. Ya ruta ikitulia kwenye 1 huku ya nje imepanda 400, 500, kuna kitu kwenye laini au kuna mtu ndani ya nyumba anaijaza. Zote zikitulia na bado kikao kinakatika, basi shida iko mbali zaidi, au ni hiyo programu yenyewe.

Lete mrejesho.

Mama Bandwidi:

Hapo kwa kebo naongezea, tumia kebo nzima! Wengi wanapima na kebo iliyokanyagwa na mguu wa meza miaka yote halafu wanamlaumu mtoa huduma.

Kumi na Nane Juu:

Samahani kuuteka uzi kidogo. Mimi kifurushi changu ni Mbps 200, kwa kebo napata 93 au 94 basi, usiku, mchana, saa yoyote ile, haizidi. Waifai ya chumba hichohicho inanipa 170. Inawezekanaje waifai ikaishinda kebo?

Fundi wa Nyaya:

@Kumi na Nane Juu yako nakujibu bila kuja kwako. 94 ni sahihi ya laini ya megabiti 100. Spidi ya gigabiti inahitaji nyaya zote nane ndani ya kebo, yaani jozi nne, ila spidi ya 100 inatumia jozi mbili tu, pini ya 1, 2, 3 na 6. Waya mmoja kwenye jozi zile nyingine mbili ukikatika au usipokaa sawa kwenye kichwa cha kebo, vifaa vinashindwa kuelewana kwa gigabiti na kushuka vyenyewe kwenye 100, kimyakimya, hakuna taa nyekundu wala ujumbe. Ukitoa data za vichwa vya pakiti (vipande vidogo vya data vinavyosafiri) kwenye hiyo 100 inabaki kama 94. Angalia kwenye mipangilio ya kadi ya mtandao Link speed imeandikwa 100/100 au 1000/1000. Badili kebo, weka Cat5e au Cat6. Ikikataa basi tundu la ruta au la laptopu lenyewe ni la 100, hilo ni suala la kifaa.

Kumi na Nane Juu:

Imeandikwa 100/100! Nimechomoa nikaangalia kichwa cha kebo kwenye mwanga, waya wa kahawia umerudi nyuma, haujafika mwisho kama wenzake. Nimeweka kebo nyingine sasa hivi napata 196. Aisee.

Bwana Ngoja:

Huyu kaja kuuteka uzi kaondoka na dawa kabla ya mwenye uzi 😅

Kiroboto Mtulivu:

Mrejesho wakuu. Kwa kebo asubuhi 58 kwenda chini na 9.6 kwenda juu, haina shida. Jioni kwa kebo hiyohiyo: 22, halafu 41, halafu 17. Kwenda juu 0.7, halafu 1.1. Sikuwahi hata kuiangalia hiyo namba ya kuaplodi, siku zote naangalia ile kubwa tu.

Pingi ya ruta imetulia 1 muda wote, haisogei. Pingi ya nje asubuhi 18. Jioni ni vituko: 20, 20, 380, 610, 590, 640, inakaa huko dakika kadhaa halafu inashuka yenyewe 20, halafu inapanda tena.

Kwa hiyo ni mtoa huduma si ndiyo?

Hamahama:

Ni mtoa huduma huyo anakubana, jioni watu wakirudi makwao anawapunguzia spidi. Hama ndugu yangu.

Fundi wa Nyaya:

@Hamahama taratibu. Msongamano wa jioni upo kweli na nitaurudia, ila ukiangalia hizo namba kuna kitu kinapiga kelele: kuaplodi 0.7 kwenye laini ya 10, na pingi inayopanda inakaa juu halafu inashuka ghafla kana kwamba kuna kazi imeanza na kuisha. Hiyo mimi nasoma kwamba kuna kifaa humo ndani kinaaplodi kwa nguvu zote.

@Kiroboto Mtulivu nani anarudi nyumbani jioni? Simu ngapi zinafanya bakapu ya picha na video zikikuta waifai? Una kamera za usalama zinazotuma kwenye klaudi?

Kiroboto Mtulivu:

Kamera zipo tatu. Simu tuko watu wazima wanne na mdogo wangu anarekodi video mchana kutwa, anarudi saa moja anachomeka simu kwenye chaji…

Ngoja nikamuulize.

Kiroboto Mtulivu:

Wakuu. Simu yake ilikuwa imeandika "vipengee 312 vimebaki". Nimemwambia asitishe bakapu huku natazama lile dirisha la pingi. 610, 600, 240, 21, 19, 20. Hapohapo. Sekunde chache tu!

Mama Bandwidi:

Mwizi kakamatwa na simu mkononi 😂😂

Fundi wa Nyaya:

Sasa ngoja nieleze kwa nini, maana usipoelewa utapandisha kifurushi mpaka 200 na tatizo litakufuata kama kuaplodi kumebaki 10.

Mbps 10 ni megabaiti 1.25 kwa sekunde, unagawanya kwa 8. Video moja ya GB 2 inachukua karibu dakika 27 kwenda juu, na hapo hakuna mwingine anayetumia. Simu haina haraka wala haina huruma, inasukuma data kadri njia inavyoruhusu. Ruta inapopokea data nyingi kuliko inavyoweza kutoa inaziweka kwenye foleni. Ruta nyingi zina foleni ndefu mno, kwa hiyo badala ya kutupa pakiti chache ili simu ishtuke ipunguze mwendo, inazihifadhi tu, na kila pakiti mpya inayokuja, ikiwemo sauti yako ya kwenye kikao, inakwenda kusimama mwisho wa foleni. Hizo milisekunde 600 ulizoziona ni muda wa kusimama kwenye foleni ndani ya nyumba yako, wala data ilikuwa bado haijatoka nje.

Na kwa nini kudaunlodi nako kunayumba wakati anayeaplodi ni mwingine? Kwa sababu ukidaunlodi kitu, kifaa chako kinarudisha risiti ndogondogo kwenda kwa sava kusema "nimepokea, endelea". Risiti nazo zinapita njia ya kwenda juu. Zikichelewa kwenye foleni, sava inapunguza kasi ya kukutumia. Ndiyo maana namba zinakuja 8, 40, 12, inategemea foleni ilikuwaje sekunde hiyo. Na TV haikati kwa sababu muvi inavutwa mapema na kuwekwa akiba, ikichelewa nusu sekunde hata hujui. Kikao cha video hakina akiba, kinataka sasa hivi.

Hili ni tatizo la kale na lina dawa. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa njia ya kusimamia foleni inaitwa CoDel, inaangalia pakiti imekaa muda gani kwenye foleni badala ya kuangalia foleni ina urefu gani. Ikazaa fq_codel, ambayo iliandikwa rasmi kwenye RFC 8290 mwaka 2018, na baadaye ikaja CAKE. Ukiwa na ruta inayokubali OpenWrt (programu huria ya kuendesha ruta), unaweka SQM, yaani kisimamizi cha foleni, unachagua cake, unaandika spidi chini kidogo ya uliyopima, asilimia 85 mpaka 90, kwa hiyo wewe uliyepima 9.6 kuaplodi weka 8.2 mpaka 8.6. Unapoteza kidogo kwenye kipimo ila foleni inakuwa mikononi mwa ruta yako na nyumba nzima inapumua hata mtu akiaplodi. Kwa spidi yako ruta ya kawaida inaimudu. Aliye na gigabiti atahitaji ruta yenye prosesa ya maana.

Kama hutaki kugusa ruta: bakapu za simu zipangwe zifanyike usiku watu wamelala. Na kamera punguza ubora, au ziweke zitume pale zinapoona mtu amepita tu. Kamera moja ya picha kali ikituma mfululizo inaweza kula Mbps 2 mpaka 4, tatu zikae hewani muda wote, kwenye 10 unabaki na nini?

Hamahama:

Sawa kwa huyu ni kuaplodi, ila msongamano wa jioni msiukane. Faiba ya majumbani inagawanywa.

Fundi wa Nyaya:

Siukani. Faiba nyingi za majumbani ni GPON, uzi mmoja unabeba Gbps 2.488 kwenda chini na 1.244 kwenda juu na unagawanywa nyumba 32 au 64. Wote 64 wakidaunlodi kwa nguvu sekunde moja inakuja kama Mbps 39 kila mmoja, ila hali hiyo ni nadra, watu hawatumii kwa mkupuo. Mara nyingi panapobana ni mbele zaidi, pale mtoa huduma anapotoka kwenda kwenye mitandao mingine. Dalili yake ni tofauti na ya huyu: pingi inapanda jioni na KUBAKI juu hata ukichomoa vifaa vyote ukabaki na laptopu moja kwenye kebo. Hapo ndo unalalamika, na unalalamika na ushahidi, vipimo vya kebo vya saa tofauti na picha ya dirisha la pingi. Akikwambia "zima uwashe" unamtumia hiyo picha. Mwambie pia akusomee nguvu ya mwanga inayofika kwenye kifaa chako, ikiwa inachungulia -27 dBm au chini ya hapo kuna kiungo kichafu au uzi umekunjwa mahali.

Mlima Kitonga:

Na sisi tunaotumia ruta za laini ya simu, 4G? Asubuhi 35, jioni 4, na nimejaribu hayo yote, nyumba nzima niko peke yangu.

Mama Bandwidi:

@Mlima Kitonga wewe hapo unagawana mnara na kila mwenye simu mtaani kwako, SQM haitakusaidia sana maana spidi yenyewe inabadilikabadilika. Ingia kwenye ukurasa wa ruta tafuta RSRP (nguvu ya mawimbi ya mnara) na SINR (mawimbi hayo yakilinganishwa na kelele). RSRP ikiwa -85 uko vizuri, -110 uko pabaya. SINR ndo wengi hawaiangalii na ndiyo yenye maneno, ikiwa chini ya 5 una kelele nyingi. Zungusha ruta dirisha moja hadi jingine ukitazama SINR, wala usihangaike na vijiti vya netiweki. Kama SINR ni nzuri na jioni bado inakufa, mnara umejaa, jaribu kuifungia kwenye bendi nyingine kama ruta inaruhusu. Na soma masharti ya kifurushi, vingine ukifikisha kiasi fulani cha GB wanakushushia spidi na kwenye tangazo hawajaandika kwa herufi kubwa.

Kiroboto Mtulivu:

Wakuu nimepanga bakapu zote saa tisa usiku, kamera nimeziweka zitume zikiona mwendo. Kikao kimeisha bila mtu kuniambia nimeganda. Kwa kebo na sebuleni sina neno.

Ila chumbani bado 3, wakati mwingine 5. Mtu kanishauri ninunue ripita.

TekiBure:

Ripita ndiyo jibu, chomeka katikati ya sebule na chumba.

Fundi wa Nyaya:

Hapana aisee. Ripita ya bei rahisi inapokea na kurusha kwa redio ileile, kwa hiyo spidi inakatwa karibu nusu kabla hata ya ukuta kuchukua chake. Chumba kitaonyesha vijiti vimejaa na spidi hakuna.

Anza na vya bure. Toa ruta nyuma ya TV, TV ni bati kubwa lililoikingia. Ipandishe juu, mahali pa wazi, mbali na kioo na tangi la maji. Halafu tenganisha majina ya bendi mbili, 2.4 na 5 GHz, ili ujue simu iko wapi. Ile ya 2.4 inafika mbali na kupenya ukuta ila imejaa kila kitu, majirani, bluetooth, hata maikrowevu inapasha kwenye masafa hayohayo. Kwenye 2.4 weka chaneli 1, 6 au 11, hizo tatu ndizo haziingiliani, na upana wa chaneli MHz 20 usiweke 40. Kuna diski umechomeka kwenye USB ya ruta?

Kiroboto Mtulivu:

Ipo! Ya muvi.

Fundi wa Nyaya:

Ichomoe ujaribu. USB 3.0 inatoa kelele kwenye 2.4 GHz, Intel wenyewe waliandika mwaka 2012.

Mama Bandwidi:

Akimaliza yote hayo na bado chumba kimekufa mimi ningenunua meshi (vifaa kadhaa vya waifai vinavyoshirikiana) yenye redio tatu.

Fundi wa Nyaya:

Mimi ningevuta kebo mpaka chumbani niweke akses pointi, kifaa cha kurusha waifai kinacholishwa na kebo. Kebo moja na kifaa cha kawaida vinaishinda meshi ya gharama inayojiunga yenyewe kwa hewa.

Mama Bandwidi:

Nyumba ya kupanga utatoboa ukuta wa nani?

Fundi wa Nyaya:

Kuna kebo bapa zinapita chini ya mlango, hutoboi kitu.

Kiroboto Mtulivu:

Msigombane 😂 Diski nimechomoa, ruta nimeihamishia juu ya kabati nje ya TV. Chumbani 5 GHz sasa napata 31, mlango ukifungwa 24. 2.4 inanipa 14. Inanitosha, nikivuta hiyo kebo nitarudi kusema. Kitu kimoja tu kimebaki, simu yangu nikitoka sebuleni inang'ang'ania 2.4 hata nikirudi karibu na ruta.

Kumi na Nane Juu:

Hilo mimi nalijua! Isahaulishe simu ile waifai ya 2.4, ibaki na 5 peke yake. 2.4 waachie kamera.